Majilio ndani ya Nairobi: vile ya kuingoja Krismasi bila kukimbizwa nayo

Kwanza tuelewane, mimi si pasta wala katekista. Mimi ni mtu wa kupanda matatu kila asubuhi kutoka Umoja hadi tao, na kwa miaka mingi Majilio kwangu ilikuwa tu ile Jumapili padri anatokea amevaa zambarau, nasema ai, kumbe Disemba imefika, halafu sikumbuki kitu kingine mpaka tarehe 24 niko kwa foleni ya basi na mabegi mawili na mikate sita ya kupeleka nyumbani, nimechoka, sina pesa, na nimenunia watu wawili au watatu.

Kilichonibadilisha ni asubuhi moja ya mvua Jogoo Road. Matatu imekwama, dirisha halifungi, maji yananidondokea bega la kushoto, nikaanza tu kuhesabu. Nilikuwa nimengoja keateka afungue geti, nikangoja matatu ijae, sasa nangoja jam, nikifika ofisini nitangoja lifti, halafu ningoje kompyuta iwake ambayo ni kama kungoja mtoto aamke, na saa tatu haijafika. Na hapo sijataja maji ya mfereji ambayo kwetu yana siku zake, wala meseji ya tokeni za stima, wala mwisho wa mwezi. Nikajiambia, mtu wa Nairobi ndiye bingwa wa kungoja, shida ni kwamba anangoja akiwa amekasirika.

Na Majilio ni nini kama si kungoja? Neno lenyewe linatoka kwa kuja, kama vile Kilatini wanasema adventus, ujio. Unangoja anayekuja. Kwa hivyo ushauri wangu wote unaanzia hapo: usitafute muda mpya wa kuwa mtakatifu Disemba, hautapata. Chukua kungoja ulikonako tayari, kuwe ndiyo kazi yako ya Majilio.

Tarehe kwanza, juu watu huchanganya. Majilio hayaanzi tarehe 1 Disemba, yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, na yana Jumapili nne. Urefu unabadilika kati ya siku 22 na 28 kulingana na Krismasi imeangukia siku gani. Mwaka wa 2023 kwa mfano Jumapili ya nne ilikuwa tarehe 24 yenyewe, asubuhi ni Majilio jioni ni mkesha, watu wakachanganyikiwa kabisa. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanayaadhimisha, kama kanisa lako halina hiyo mambo hakuna shida, hakuna kitu hapa kinataka barua ya pasta.

Sasa mishumaa. Ile duara ya matawi na mishumaa minne inaitwa shada la Majilio, lakini tafadhali usiende mtaani ukiuliza vijana wapi unaweza kupata shada, utaletewa kitu kingine, cha kuvutwa. Hadithi yake naipenda. Mwaka wa 1839 kulikuwa na mchungaji Mlutheri anaitwa Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini nje kidogo ya mji wa Hamburg, Ujerumani, na watoto walikuwa wanamsumbua kila siku, Krismasi ni lini, Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa, mikubwa meupe minne ya Jumapili na midogo myekundu ya siku za kawaida, kila siku unawashwa mmoja zaidi. Yaani kitu chenyewe kilianza kama kalenda ya watoto wasio na kitu, juu ya gurudumu kuukuu. Ukiona shada la bei kali kwa duka la mapambo hapo Westlands usijione umekosa.

Langu natengeneza hivi. Chukua sinia ya chuma, si ya plastiki, jaza mchanga au udongo wenye unyevu kidogo, simika mishumaa minne ya kawaida ile ya kwa duka la mtaa. Kanisani rangi ni tatu za zambarau na moja ya waridi, ya waridi ni ya Jumapili ya tatu inaitwa Gaudete, maana yake furahini, lakini meupe inafanya kazi sawa, ukitaka funga utepe chini. Zungusha matawi ya ule mti wa krismasi wa kwa ua, omba mwenye ua kwanza. Matawi hayo kufika wiki ya tatu yamekauka na yanashika moto kama karatasi, kwa hivyo badilisha au toa kabisa. Na kama unaishi bedsita, chumba kimoja cha kila kitu, kama mimi, angalia pazia liko wapi na mtungi wa gesi uko wapi kabla hujawasha kiberiti. Jumapili ya kwanza unawasha mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo. Dakika kumi zinatosha, ukiacha uwake saa nzima hautafika wiki ya nne.

Zima taa ya umeme. Hii ni muhimu kuliko unavyodhani, mshumaa ndani ya mwanga wa balbu ni nta tu.

Mwaka wa kwanza nimezima taa, nimewasha huo mmoja, nimekaa kwa stuli, nikasikia hodi. Ni mtoto wa mlango wa pili, msichana wa miaka saba.

"Anti, mathe anauliza kama tokeni zimekuishia akununulie."

"Hapana, mwambie asante sana. Nangoja Krismasi."

Akaangalia mshumaa, akaangalia swichi kwa ukuta. "Unangoja na giza?"

Nikamwambia aingie. Jumapili iliyofuata alikuja na ndugu yake mdogo, kazi yake ilikuwa kuzima, na kuzima kwenyewe ni vita kwa hivyo tukapanga zamu. Tunachofanya ni kidogo sana: mmoja anasoma mistari michache, tunaimba wimbo mmoja tunaojua wote, tunanyamaza dakika moja (dakika mbili na watoto ni ndoto), halafu kila mtu anataja kitu kimoja anachongoja. Mimi nikasema nangoja kazi iwe na kandarasi ya kueleweka. Mama yao alikuwa amesimama mlangoni akasema anangoja matokeo ya hospitali. Msichana akaweka kidole kwa pengo la mbele akasema anangoja jino. Nikaona huyu amenishinda, juu jino halisukumwi, halinunuliwi, na yeye anajua kabisa linakuja.

Tuingie kwa matatu. Watu wengi wakisema wataomba asubuhi wanamaanisha saa kumi na moja wakipiga magoti kando ya kitanda, na wengine wetu saa kumi na moja tunatafuta soksi. Fanya hivi: chagua sehemu moja ya safari yako, si safari yote, sehemu moja tu. Yangu ni kutoka Donholm hadi City Stadium. Hapo bando nazima, simu inaingia mkobani. Ngoma ya matatu haizimwi, ukimwambia dereva apunguze utachekwa mpaka mwisho wa ruti, wewe omba ndani ya kelele hiyo hiyo. Nina Zaburi ya 131, mistari mitatu tu, inaweza kukaa kichwani ndani ya siku mbili, ile ya mtu anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa kwa mama yake. Mtoto aliyeachishwa halii tena akitafuta titi, amekaa tu hapo mapajani, hajui maziwa ni ya nini tena, anamtaka mama. Siku nyingine hata zaburi ni ndefu, natumia neno moja, Maranatha. Umeliona mara mia kwa mabango ya makanisa na nyuma ya magari. Ni Kiaramu, lugha aliyoongea Yesu, maana yake Bwana wetu, njoo, na Paulo aliliacha hivyo hivyo bila kutafsiri mwisho wa barua ya kwanza kwa Wakorintho. Mara ukivuta pumzi, njoo. Mara ukiitoa, Bwana. Kama umesimama umeshika chuma na begi la mtu liko usoni mwako bado inawezekana.

Ukisahau ukajikuta Facebook mpaka steji ya mwisho, basi, kesho kuna matatu nyingine.

Kusoma: injili ya Luka ina sura 24, Disemba mpaka mkesha ni siku 24, hesabu imejipanga yenyewe. Tarehe na sura ni sawa, tarehe 5 sura ya 5. Sura ya kwanza ina mistari 80, ni ndefu kuliko zote, usiogope ukadhani zote ziko hivyo. Sheria yangu moja hapa ni kwamba ukikosa siku usirudi nyuma kulipa deni. Soma ya leo. Nimeona watu wakifika tarehe 9 wana sura tano za nyuma wanaacha kabisa, Biblia inageuka kama mkopo wa simu. Na utashangaa vile tarehe zinaongea: sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12, matangazo ya ofa kila mahali, wewe unasoma sura ya 12, tajiri mpumbavu anajenga maghala makubwa zaidi, halafu kunguru wasiopanda wala kuvuna. Tarehe 15, wengine wamelipwa mapema na wameingia klabu, ni mwana mpotevu. Tarehe 19 ni Zakayo mtoza ushuru, na hapa Kenya hilo jina limeshakuwa na mambo yake ya kodi, tuache. Tarehe 24 unasoma kaburi tupu usiku wa kuamkia kuzaliwa, inaonekana kama imepinduka lakini mimi napenda, unajua huyu mtoto unayemngoja anaelekea wapi.

Sasa ngumu. Makanisa mengi Jumapili ya pili huitwa ya amani, na amani hapa Nairobi tunaifanya iwe salamu ya kanisani, unageuka kushoto kulia, amani ya Bwana, amani ya Bwana, unakaa. Mimi nilikuwa nafanya hivyo huku ndugu yangu mkubwa tumekaa miaka miwili bila kuongea. Tulikosana kwa matanga ya mama. Mimi nilishika daftari la michango, na siku ya hesabu alisimama mbele ya wajomba akasema hesabu haifiki, imepungua elfu nne na mia tatu. Hakusema nimeiba. Alisema haifiki, halafu akaketi. Hiyo kuketi ndiyo iliniuma.

Kwa hivyo kama uko na mtu wako wa hivyo, haya ndiyo nimejifunza kwa kuharibu. Piga simu kabla ya Jumapili ya tatu. Ukingoja mkutane nyumbani mashambani tarehe 25 mtakutana mbele ya mashangazi na sufuria, na hapo mtu hawezi kuomba msamaha, anaweza tu kupitisha sahani. Usitume voisi, voisi ni hotuba, mwenzako hana nafasi ya kukukatiza. Usitume M-Pesa badala ya maneno, hiyo ni kulipa faini. Usipige ukiwa njiani. Na usianze na kesi. Mimi niliandika kabisa kwa karatasi vile nitaeleza zile elfu nne, nikakaa kwa kitanda, nikapiga.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Alikuwa amefuta namba yangu. Au simu ilikuwa mpya, mpaka leo sijui, na nimeamua sitauliza.

"Ni mimi."

Kimya. Nilisikia redio yake nyuma, mtu anasoma matokeo ya mpira. Halafu ikapunguzwa.

"Umekula?"

"Bado."

"Saa hii saa tatu unusu hujakula? Unapika nini?"

Tukaongea juu ya githeri. Karatasi sikuisoma. Nilimwambia tu, kaka, ile siku ya hesabu iliniumiza na mimi pia nimekaa vibaya na wewe, naomba unisamehe, akasema hiyo ilipita, ambayo si kweli, haikuwa imepita, lakini nilijua anamaanisha nini. Elfu nne hazijapatikana hata sasa.

Kuna mtu wa kutopigiwa, lazima niseme. Kama mtu alikuwa anakupiga, au ukimpigia ataanza kukutisha, hiyo simu si yako. Ongea na padri au mchungaji au mtu mzima unayemwamini, muombee huyo mwingine ukiwa mbali. Kusamehe hakukupi kazi ya kurudi kwa nyumba yake.

Yohana Mbatizaji ndiye mtu wa Majilio kuliko malaika wote wa kadi za Krismasi, na kitu kinanipendeza kwake ni kwamba watu walimuuliza swali la moja kwa moja, tufanye nini, hiyo ni Luka 3, na hakuwapa semina. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru, msitoze zaidi ya mlivyoagizwa. Askari, msidhulumu mtu na mtosheke na mshahara wenu. Kila mtu aliambiwa kitu cha kazi yake mwenyewe. Hebu mfikirie amesimama Machakos Country Bus tarehe 22 Disemba wakati nauli inapanda kila dakika kumi, angeambia makanga nini? Haihitaji mtu wa theolojia. Na mimi niko nyuma ya dawati, wangu ni zile faili za watu nazikalia mpaka Januari juu nimeshaingia likizo kichwani, kuna mtu upande ule anangoja hiyo sahihi. Kwa hivyo wiki moja kabla ya ofisi kufungwa namaliza za watu kwanza kabla ya kuingia pati ya ofisi. Kanzu ya pili ninayo pia, sote tunayo, jaketi la mtumba la Gikomba umevaa mara moja likakubana. Soja wa ploti yetu anakesha nje na baridi ya mvua, chai ya termosi saa nne usiku ni kitu cha dakika tano, na tafadhali usimpige picha akiinywa.

Ya pesa nitapita haraka. Andika bajeti ya Januari kabla ya ile ya Disemba, karo kwanza, kodi pili, kinachobaki ndicho Krismasi. Chama cha akiba kikivunjwa usibebe pesa zote kwa mkoba mmoja. Na ruhusu nafsi yako kukosa harusi moja, ruracio moja (sherehe ya mahari), hautakufa.

Kutoka tarehe 17 mwendo unabadilika. Kuna majina saba ya zamani sana ya Masiya ambayo kanisa huimba kwa masifu ya jioni, moja kila siku mpaka tarehe 23: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa mataifa, Ee Emanueli. Mimi kila jioni nachukua jina la siku na naweka mtu mmoja chini yake. Tarehe 20, Ufunguo, anayefungua na hakuna wa kufunga, anatoa wafungwa gizani, basi namtaja kijana wa ploti yetu aliyekuwa rumande Industrial Area kwa kukosa bondi. Tarehe 21, Mapambazuko, ni ya mama wa mlango wa pili na matokeo yake. Ni dakika mbili, hata ukiwa unafunga mabegi.

Kama unasafiri tarehe 23 usiku usilazimishe sinia kwa basi. Beba mshumaa mmoja tu ndani ya soksi usivunjike, na Biblia ya simu, chaji iwe imejaa. Kama unabaki Nairobi, na mji ukibaki mtupu hivyo ni mzuri ajabu, unasikia ndege Jogoo Road, basi washa yote minne mkesha ukitoka misa, imeshakuwa kama ngazi kwa sababu wa kwanza umekuwa mfupi kuliko yote na wa nne bado mrefu. Mwite yule wa pengo azime.

Halafu mwaga mchanga nje. Nta iliyoshika sinia ikwangue na kisu butu ikiwa imepoa, usimwage maji moto yenye nta kwa sinki, itaganda kwa bomba na keateka atakuimbia mpaka Pasaka. Vipande vya mishumaa weka kwa droo, vya Januari stima ikipotea. Sinia osha rudisha jikoni, kesho asubuhi kuna chapati.